Alama ya Tisini na Saba

Wewe uliyeanza dawa leo, sikiliza: kesho asubuhi mkojo wako utakuwa rangi ya machungwa. Usikimbie kituo cha afya na kandambili mbili tofauti mguuni kama nilivyokimbia mimi. Ni dawa tu. Machozi nayo yanageuka kidogo, na jasho la kwapani linaharibu shati jeupe, kwa hiyo vaa la rangi. Hakuna aliyeniambia hayo. Nilidhani natoka damu, nikajiaga peke yangu chooni, nyumbani kwangu mtaa wa Gitega, Kigali.

Naitwa Rashidi, fundi cherehani. Shule niliiacha darasa la tatu, na leo watu wenye digrii mbili tatu hawawezi kusimama mbele ya wazazi wao mpaka mimi niwavishe. Nilianza na cherehani ya kuazima kwenye baraza la duka la mtu. Sasa nina vyumba viwili vya kazi, mafundi wanne, na kwa miaka tisa mfululizo majoho ya mahafali ya chuo kikuu kimoja hapa Kigali yametoka mkononi mwangu. Sikitaji chuo. Wanaokijua wanakijua. Babu yangu aliletwa huku na biashara ya vitambaa kutoka pwani, ndiyo maana kwetu tunaongea Kiswahili, na ndiyo maana haya ninayaandika kwa Kiswahili, kwenye simu, kwa kidole kimoja.

Mafundi wengine hushona majoho ya saizi tatu: ndogo, ya kati, kubwa. Hayo ni magunia. Mimi napima kila mtu. Chuo kilinipa chumba nyuma ya maktaba, chumba cha kuhifadhia viti vibovu, na kila mwaka kabla ya mahafali nakaa humo wiki mbili, wanafunzi wanapanga foleni. Bega, kifua, mkono, urefu. Dirisha lilikuwa moja, dogo, nami nililifunga kwa sababu upepo ulinipeperushia karatasi za kukatia. Kupima shingo lazima usimame karibu na mtu mpaka pumzi yako imguse. Na ncha ya tepe mimi huishika kwa meno, ili mkono mmoja uandike.

Mwaka huo nilipima huku nakohoa. Kikohozi kilianza kile kiangazi kifupi cha mwanzo wa mwaka, nikasema ni vumbi la pamba. Nikanywa chai ya tangawizi. Suruali zikawa zinanishuka. Nilizipunguza kiuno mara tatu, mimi mwenyewe, kwa mashine yangu mwenyewe, nikijiambia kitambaa kimelegea. Mtu anayejua kifua cha mtu kwa kumtazama tu akipita barabarani! Mwili wangu sikuuona.

Aliyeuona ni Zaina, mke wangu. Asubuhi moja alikamata mkanda wangu, akahesabu matundu mapya niliyotoboa kwa msumari.

"Baba Amina, haya ni nini?"

"Mkanda mbovu."

"Mkanda mbovu unakutoa jasho shuka zinalowa?"

Akavaa mtandio wake, akatoka, akasimama mlangoni mpaka nikamfuata.

Kituo cha afya kina benchi la wanaokohoa. Liko nje, chini ya bati, mbali na wajawazito. Ukikaa pale, kila anayepita anajua. Nilikaa upande upande, kana kwamba namsubiri mtu. Mvua kubwa za mwezi wa nne zilikuwa zimeanza, na bati lilipiga kelele hata jina lako hulisikii. Wanakupa kikopo, unakwenda nyuma ya ukuta, unatoa makohozi, unarudi nacho mkononi kama zawadi. Halafu unasubiri. Mlinzi mmoja aliniona natetemeka, akaniletea kiti cha plastiki chenye mgongo. Nimesahau maneno mengi ya siku ile, kiti hicho sijakisahau.

Ilikuwa kifua kikuu.

Nilitengwa kwenye chumba changu cha uani, kile tulichokuwa tunawekea majora ya vitambaa. Dirisha liwe wazi siku zote, walisema, hata kwenye baridi. Watoto wetu wawili walipimwa, wakaonekana wazima, wakapelekwa mtaa wa Niboye kwa dada yangu. Zaina alikipaka kikombe changu rangi ya kucha, nyekundu, kisichanganyike. Alikuwa anaweka sahani dirishani, anarudi nyuma hatua mbili, tunaongea. Miaka kumi na sita ya ndoa, sasa tunaongea kama watu wa benki. Mwanangu mdogo alinipigia simu kutoka Niboye:

"Baba, utarudi lini nyumbani?"

"Niko nyumbani."

"Na sisi je?"

Nikasema simu inaisha chaji.

Kwetu mtu akiugua nyumba inajaa. Watu wanakuja na maziwa, na ndizi, wanakaa mpaka mgonjwa anawachoka. Kwangu hakuja mtu. Wale niliokuwa nakaa nao safu moja msikitini walituma salamu kwa Zaina, pale pale barabarani. Nilisikia sauti zao. Wanasimama, wanasema pole, halafu miguu inaondoka.

Siku ya tano alikuja Nesi Alphonsine, nesi wa chuo. Zaina alimwekea kigoda uani, mimi nikakaa ndani karibu na dirisha na barakoa yangu. Ni mwanamke mfupi, sauti nzito, Kiswahili chake cha kujifunza sokoni.

"Fundi, chuo hatujalala," alisema. "Madirisha yote wazi. Mwaka wa mwisho wanasoma nje, uwanjani, chini ya hema. Kila anayekohoa anapimwa. Sasa mimi iko na shida moja. Nataka majina ya watu wote uliwapima."

Nikajifanya naweka barakoa sawa.

"Usiogope. Si polisi mimi. Nipe tu daftari."

Hapo ndipo aibu ilipoanza, na sitaificha, kwa sababu nataka kukuandikia ukweli. Daftari langu halina majina. Majina ya wanafunzi ni marefu, yana herufi zinazogongana, na mimi nikiyaandika vibaya watacheka. Kwa hiyo tangu mwanzo niliwaambia, "Sihitaji jina lako, mwili wako ndio jina," nao wakaona ni madoido ya fundi mkubwa. Ninachora. Aliyevaa miwani, duara mbili. Mwenye kovu, mstari. Kijana aliyekuwa na gitaa, gitaa. Pembeni ya kila alama, vipimo vinne. Siku ya kuchukua majoho sikuwahi kukosea. Miaka tisa!

Zaina alichukua daftari dirishani kwa ncha za vidole akampa nesi. Nesi akafungua, akageuza juu chini.

"Fundi. Hii ni nini?"

"Huyo ni yule anayecheka sana."

"Na hii? Kuku?"

"Si kuku. Ni nywele zake."

Akacheka mpaka akafuta macho, na mimi nikacheka, nikakohoa, akasubiri nimalize. Alikuja siku tatu mfululizo na orodha ya chuo na picha za wanafunzi kwenye simu. Anainua picha, mimi natazama kupitia wavu wa dirisha, nasema, "Bega kumi na saba na nusu, ukurasa wa nne," naye anaweka tiki. Walikuwa tisini na sita. Wote niliwatambua. Nani mwingine angeweza? Hata yeye alisema, "Kichwa chako ni kompyuta, mzee." Zilikuwa siku nzuri kuliko zote za ugonjwa ule, kwa sababu mtu alikuwa anakuja.

Kisha akahesabu alama zangu.

"Hapa iko tisini na saba."

"Nimekosea kuhesabu."

"Wewe?" alisema. "Wewe umekosea?"

"Mgonjwa, dada. Kichwa kizito."

Alinitazama. Akaaga, akaacha daftari dirishani.

Alama ya tisini na saba ilikuwa kamba iliyopita begani. Nilimjua vizuri sana. Alikuja siku ya mwisho, jioni, wenzake wameondoka, mtoto mgongoni. Kiswahili chake kilinyooka, Kiswahili cha mtu aliyekulia Tanzania, Karagwe, na sisi tukaongea kama ndugu. Aliniambia hayumo kwenye orodha. Alijifungua kabla ya kumaliza kitabu chake cha utafiti, akaacha kwenda darasani, nyumbani kwao wanajua anahitimu mwaka huu. "Nipime tu, fundi. Nikimaliza kitabu nitakuta joho langu. Usimwambie mtu." Nikamwapia. Nilimpima taratibu, kwa raha ya kuongea, karibu saa nzima, na mtoto alilala juu ya vitambaa vyangu vyeusi, chini kabisa, kwenye chumba kile kilichofungwa dirisha, mimi nikikohoa juu yake.

Nilinyamaza siku tatu. Nilijiambia ni kiapo. Ukweli ni kwamba kiapo kilikuwa nusu. Nusu nyingine: nesi ameshaniita kompyuta, na mimi jina la mwanamke huyo silijui, simu yake sina, nilipoulizwa nimesema uongo. Siku tatu, wewe unayesoma. Ndizo ninazozijutia kuliko miezi yote ya kikohozi nilichokiita vumbi.

Siku ya nne nesi alirudi, hakukaa kwenye kigoda.

"Nakuambia kitu, halafu naenda," alisema. "Watu wakubwa, tutawatibu, watapona. Mimi naogopa watoto wadogo. Mtoto wa mwaka mmoja hajui kukohoa vizuri, hajui kusema naumwa. Inapanda kichwani haraka. Fundi, mtoto mdogo aliingia chumba kile?"

Nikasema, "Mmoja."

Nikamwambia yote. Alisikiliza amesimama. Hakunifokea, na ningependa angenifokea.

"Jina?"

"Simjui jina."

"Anakaa wapi?"

"Sijui."

Wanafunzi wenye watoto walikuwa wameshaulizwa. Wote walikuwamo kwenye orodha, wote walishapimwa. Wenzake wa zamani walimkumbuka mmoja aliyeacha, lakini namba waliyokuwa nayo ilikuwa imekufa, na alikohamia hawajui. Chuo kilipiga namba ya kwao iliyoandikwa siku alipoandikishwa. Haikupatikana, wakasema watarudia. Nesi akaondoka na bega limeinama.

Nikakaa kitandani, nikamrudisha yule mwanamke akilini kama ninavyofanya kazi: tangu juu mpaka chini. Bega la kushoto limeshuka kidogo. Mikono ina harufu ya mafuta ya kukaangia. Kitambaa cha kubebea mtoto, kitenge cha kijani, pindo limeshonwa kwa uzi mwekundu. Nilikuwa nimelishika pindo lile, kwa tabia tu, fundi hushika pindo la kila mtu. Mshono ulikuwa unaruka. Mishono sita sawa, wa saba unaruka, sita sawa, wa saba unaruka.

Mashine inayoruka wa saba Kigali nzima naijua moja tu. Nilimuuzia Gaspard, fundi wa mtaa wa jirani, Kimisagara, nikamwapia kwamba ni nzima. Alipolalamika nilimwambia mbele ya watu kwamba mashine haina neno, mkono wake ndio unaoruka. Watu walicheka. Tangu hapo hatukusalimiana, na kila nikipata kazi ya chuo nilihakikisha anasikia.

Nikampigia.

"Nani?"

"Rashidi. Rashidi wa majoho."

"Yewe! Mfalme mwenyewe! Umebonyeza vibaya, sha, hii ni namba ya fundi maskini."

"Gaspard, ile mashine."

"Ile unayosema haina neno?"

"Inaruka," nikasema. "Ilikuwa inaruka kabla sijakuuzia. Nilijua."

Nilisikia watoto wanapiga mpira upande wake, na mtu anaita bei ya nyanya.

"Miaka mitano," Gaspard alisema polepole, "mke wangu ananiambia nikapimwe macho. Rashidi, unakufa?"

"Nina kifua kikuu."

"Ngoja nikae."

Alikaa. Nikamwambia habari ya mtoto. Hakunicheka tena hata kidogo.

"Kitenge kijani, uzi mwekundu," alisema. "Uzi wa kijani ulikuwa umeniishia. Huyo ni Mama Keza. Anakaanga sambusa nyuma ya kituo cha vijana. Kata simu, mpigie nesi wako, mimi nakwenda nimzuie asifunge."

Akatangulia, nesi akamkuta amesimama karibu na karai la sambusa kama askari.

Mtoto alikuwa anakohoa wiki ya tatu. Mama yake alidhani ni moshi wa mafuta. Wakampeleka hospitali siku hiyo hiyo, na mimi nikabaki na simu mkononi. Kusubiri majibu ya mwili wako ni kitu kimoja. Hayo ya mtoto wa mtu mwingine yalinikalisha sakafuni, karibu na mlango, siku mbili, sahani za Zaina zikirudi kama zilivyokuja. Siku ya pili jioni nesi alipiga: Keza ana ugonjwa, lakini kichwani haujafika. Ameanza dawa. "Tumewahi," alisema. "Kidogo tu, lakini tumewahi."

Kesho yake iliita namba nisiyoijua.

"Nilikuomba kitu kimoja, fundi."

Nilimtambua kabla hajamaliza.

"Mama Keza, nisamehe."

"Umeniambukizia mtoto, kisha umenitangaza. Mama yangu amepigiwa simu na chuo. Sasa anajua sihitimu." Hakuwa anapiga kelele. "Na ungenyamaza ningemzika. Kwa hiyo nikuchukie vipi? Niambie. Nianzie wapi?"

Akakata.

Baada ya wiki chache waliniambia siambukizi tena. Niliwaambia watu wote, na karatasi nikawaonyesha. Ukweli ni kwamba karatasi haifungui mlango. Zaina alinirudisha chumbani kwetu, Mungu ambariki, akaitupa ile rangi ya kucha. Watoto walirudi. Lakini sikukuu ya kuchinja jirani alileta nyama, akaiweka juu ya jiwe la mlangoni, akabisha hodi, na nilipofungua alikuwa ameshafika kona. Chuoni wanafunzi walikuwa wanasema "kikohozi cha joho", hawataki kuyavaa majoho yangu, mpaka Nesi Alphonsine alipovaa moja akafanya nalo kazi kutwa nzima, kliniki, mkahawani, kila mahali. Kiangazi wakahitimu. Sikwenda. Zaina alinionyesha picha kwenye simu, nikazikuza moja moja. Hakuna bega la joho lililoanguka. Hata moja.

Dawa nilimeza kituoni, asubuhi, mbele ya nesi. Miezi miwili ya kwanza vidonge vingi, tumbo linakataa. Kula ndizi moja kwanza, inasaidia. Kisha vikapungua. Mizani ilipanda kilo kwa kilo, nikaanza kuzipanua tena kiuno suruali zangu zile zile.

Na Mama Keza alikuwa anakuja pale pale, kwa sababu Kimisagara na sisi tunatumia kituo kimoja. Kila mara nilimkuta au alinikuta. Nilisalimia, hakuitika. Alikaa mwisho ule, mimi mwisho huu. Keza alikataa dawa, alilia, alitapika, akapewa tena. Nilimuona akianza kunenepa mashavu, akianza kusimama kwa kushika benchi. Sikuwahi kumgusa. Wengine walidhani hatujuani.

Mwezi wa kumi, mvua fupi zimeanza, nilipewa jibu la mwisho. Safi. Nesi wa pale alipiga muhuri kwenye kadi yangu akasema, "Mzee, umepona. Sitaki kukuona hapa tena," akaita mwingine. Nikatoka nje nimeshika kadi. Nilitaka kumwambia mtu. Zaina alikuwa sokoni, simu hashiki. Dada yangu hakupokea. Nikampigia Gaspard, akasema ana mteja, atanirudia.

Mama Keza alikuwa kwenye benchi, mtoto mapajani. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Umemaliza?" alisema.

Nilitazama nyuma nione anaongea na nani.

"Nimemaliza."

"Sisi bado mwezi."

"Si mrefu."

Alimfuta Keza pua kwa pindo la kitenge.

"Jana ametembea," alisema, bado anamtazama mtoto.

"Hatua ngapi?"

"Nne. Halafu akakaa, akajipigia makofi."

Nikakaa. Kati yetu paliachwa nafasi ya mtu mmoja. Keza alinitazama, akaangalia kadi yangu, akaitaka. Nikampa, akaitia mdomoni.

"Huendi kazini?" Mama Keza aliuliza.

"Mvua."

Baada ya muda mvua ilikatika. Watu wakaanza kutoka chini ya bati, wakikunja suruali, wakiruka madimbwi. Mama Keza alitazama mbingu, kisha akanitazama mimi. Nami sikuinuka mpaka jina la Keza lilipoitwa.